Nilimwona Akilegeza

Mimi siachi gari gereji nikaondoka. Wenzangu kazini wananicheka. Wao humkabidhi fundi funguo asubuhi, jioni hupita kuchukua gari, na katikati ya hapo wala hawana wasiwasi. Mimi naomba ruhusa, nanunua gazeti ambalo sitalisoma, nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kukodolea macho mikono ya fundi mpaka boneti ifungwe. Ndivyo nilivyolelewa. Wengine walirithi ng'ombe na viwanja, mimi nilirithi kushuku.

Mwezi mmoja baada ya kumzika Baba, niliipeleka Landrova yake kwa kijana mmoja wa Mkuyuni aiangalie stelingi. Gari hilo limetuzidi umri sote wawili, mimi na huyo kijana. Alipofungua kizibo cha boksi la stelingi ili aone kama ndani bado kuna oili, harufu ilinifikia kabla hata hajachovya kidole. Oili ya gia hainuki kama ya injini. Inanuka kama kitunguu kilichosahauliwa ndani ya gunia kikaozea humo. Nikajikuta nimeficha mikono nyuma ya mgongo, mtu mzima mwenye watoto wawili. Kijana akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamwambia aendelee na kazi yake.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alizunguka vijiji vya Misungwi na Magu akichanja ng'ombe, na Landrova aliinunua mnadani ikiwa tayari imechoka. Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele mtamchukia kidogo. Ila hakumwamini mtu. Kopo la sukari alilipiga alama kwa kalamu kila Jumamosi. Spana zake alizihifadhi kwenye turubai lililoshonwa mifuko, kila spana na mfuko wake, na angeweza kujua kwa kupapasa tu kwamba moja imehamishwa. Mafundi magari ndio aliowaweka mkiani kabisa. "Fundi hakuwekei kifaa kipya," alikuwa akisema. "Anakuwekea cha yule aliyetangulia kuibiwa."

Kwa hiyo gari likiwa gereji, mtu wa nyumbani lazima akae nalo. Hatukuwa peke yetu katika hilo. Pita gereji yoyote ya Mwanza mjini utawakuta, shemeji wa huyu, mdogo wa yule, wamekaa kivulini hawana kazi nyingine ila kulinda vifaa visibadilishwe. Likizo ile mlinzi nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto pekee na Mama alikuwa na kazi zake. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinikalisha mahali ambapo ningeona vizuri, akainama sikioni kwangu na kuninong'oneza, "Usimwangalie usoni. Mwangalie mikono."

Gereji yenyewe ilikuwa Mirongo, si mbali na mto, kiwanja chenye udongo mweusi kwa oili na kibanda cha mabati. Mwenyewe aliitwa Fundi Masatu, Mkerewe wa Nansio, mwembamba, mwenye sauti ya chini hata alipokuwa akiita vijana wake. Upole huo ndio ulionitia shaka ya kwanza. Nyumbani kwetu mtu akiwa mpole sana tulijua kuna kitu anaficha.

Ugonjwa wa gari ulikuwa plei. Unazungusha usukani na magurudumu hayana habari, bado yanatazama mbele. Unaendelea kuzungusha, ndipo yanashtuka. Kwenye barabara iliyonyooka Baba alikuwa akipeleka usukani kushoto na kulia kama anayesonga ugali, na gari nalo likipepesuka njia nzima. Mama aliacha kupanda mbele kwa muda kwa ajili hiyo.

"Kaza tu hilo boksi," Baba alimwambia fundi.

"Bwana mifugo, plei haikai mahali pamoja," Masatu akajibu. "Nikikimbilia boksi nitakuwa nakudanganya. Niache nianzie chini kwenye magurudumu, nipande taratibu. Boksi liwe la mwisho."

Baba aliniangalia. Niliyaelewa macho yale: huyu anarefusha kazi.

Baba alipoondoka kwenda ofisini, Masatu alinijia, akapiga saluti na mkono wake wa grisi. "Shikamoo, Afande."

Sikujua kama ni utani. Nilimwitikia, "Marahaba," kwa sauti nzito, na gereji nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo wote wakaniita Afande, na mimi nikaamini wananibembeleza ili nilegeze ulinzi.

Siku ya kwanza alinitaka nipande juu, nishike usukani na kuupeleka huku na huku kidogokidogo wakati yeye yuko chini ya gari. Nilikataa. Nilimwambia Baba kasema nikae kwenye ndoo. Akasema huko juu nitamwona vizuri zaidi, jambo ambalo halikuwa kweli, maana kutoka kwenye kiti nilimwona miguu tu. Basi nikawa natikisa usukani huku nimetoa kichwa dirishani mpaka shingo ikauma. Alikuwa amelala chali, ameweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kimya, kama mama anayetafuta mtoto anaumwa wapi. Ilichukua muda mrefu. Niliona huo ni usanii mtupu, kupapasa chuma nusu saa.

"Hiki hapa ndicho kimekwisha," akasema hatimaye, akatoka na kichwa cha tairodi, kile kiungo kinachosukuma gurudumu likate kona, kilichokuwa kikicheza ovyo. Alipoweka kipya alinipa kile cha zamani mkononi nimpelekee Baba, kama mafundi wafanyavyo ili mwenye gari aone kwa macho. Nilikifunga kwenye karatasi, nikaenda nacho nyumbani. Baba alikigeuzageuza chini ya taa kwa dakika kadhaa, halafu akasema inawezekana si chetu.

Siku ya pili Masatu alikaza nati zinazoshikilia boksi kwenye chesisi, na zilikuwa zimelegea kweli, nilimwona akizizungusha kwa vidole vitupu. Baada ya hapo ikaja zamu ya boksi lenyewe. Baba alikuwa amekuja kuangalia kazi inafikia wapi. Masatu akamwambia, kwa ule upole wake, "Mzee, nenda kanywe chai kwanza. Hapa nahitaji utulivu." Baba akaenda, akinikonyeza. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi.

Alinyanyua mbele kwa jeki, magurudumu yakaning'inia. Akaongeza oili, ndipo nilipoisikia harufu ile kwa mara ya kwanza. Akazungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, akaurudisha mpaka mwisho wa kulia, akahesabu mizunguko na kuusimamisha katikati kabisa, magurudumu yametazama mbele. Akaamuru redio izimwe. Akaniambia nipande nishike usukani kwa kidole kimoja, niutikise taratibu sana, naye akainama kwenye boksi, akalegeza nati moja na kuingiza bisibisi kwenye skrubu iliyokuwa katikati ya nati hiyo. Mara hii boneti ilikuwa wazi na nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nimeinama nje ya dirisha, kwa hiyo niliona kila kitu. Alikuwa amefumba macho.

Alikaza. Nikasikia kwa kidole changu usukani ukitulia, plei ikiisha kidogokidogo, mpaka haikubaki hata chembe. Nilifurahi kama gari ni langu. Halafu, kwa macho yangu haya, nikamwona akigeuza bisibisi upande wa pili. Robo ya mzunguko. Alilegeza. Na pale pale kidole changu kikasikia ile nafasi imerudi, ndogo, lakini ipo.

Akaifunga nati. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akafungua kile kibrashi na kuchora mstari mdogo kutoka kwenye skrubu kupita juu ya nati.

Mama alikuwa na kichupa kama hicho hicho. Kilikaa kabatini na kutoka siku za harusi tu. Mwanaume wa gereji amekipata wapi? Nilisimama pale juu ya kiti na makosa mawili kichwani, ile robo na kile kichupa, na sikujua nianze na lipi.

"Mbona umelegeza?" nilimuuliza.

Alinitazama akatabasamu. "Umeona, Afande? Safi. Stelingi haikazwi mpaka mwisho. Unaiachia nafasi kidogo ipumue, la sivyo kwenye kona itakunyima."

Chuma kinapumua? Niliona hata uongo wenyewe hajautunga vizuri.

Jioni ile Baba alirudi na gari, akatangaza mezani kwamba limepona, ila bado kuna kaplei. "Nilijua," akasema. "Wanakaza huku wanalegeza kule, ili urudi." Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini ningesemaje kwamba nimemwona akilegeza nikanyamaza, mimi niliyewekwa nilinde? Kuna jambo jingine pia. Kabla ya chakula nilikuwa nimechungulia kabatini kwa Mama, na kichupa cha rangi hakikuwepo. Nilimwangalia Mama akichota mboga, nikaona nikifungua mdomo kuhusu Masatu, itabidi niseme na kichupa kimefikaje kwake. Niliogopa sana. Niliamua kwamba nitaponyesha gari mwenyewe, kimyakimya, na yote yataisha.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Baba alilala, Mama akaenda kwa jirani. Nilitoa spana mbili na bisibisi kwenye turubai, nikafungua boneti na kuitegemeza kama nilivyoona kule gereji. Nati iligoma kwa mkono. Nikasukuma spana kwa kisigino mpaka nati ikaachia kwa kishindo kilichonitoa jasho. Rangi nyekundu ilipasuka ikabanduka vipandevipande, vingine vikaingia chini ya kucha zangu. Kisha nikaweka bisibisi na kukaza. Nilikaza mpaka ikagoma, nikapumzika, nikakaza tena. Nilifunga nati, nikarudisha spana kwenye mifuko yake na kunawa kwa sabuni na mchanga. Sikuwahi kujiona mtoto mwema kama siku ile.

Asubuhi yake tulikuwa tunakwenda kanisani, sote watatu kwenye kiti cha mbele, mimi katikati. Nyumba yetu ilikuwa juu kilimani, kwenye majabali, na njia ya kushuka ilikuwa ya mawe, na chini yake yalionekana mabati ya nyumba za watu. Baba alipotoa gari uani alisema, "Eh!" Akajaribu usukani tena. "Leo umeshika! Kumbe ulihitaji kulala ukatulia. Huyu Masatu si mtu mbaya." Lilikuwa ni jambo la ajabu, Baba kumsifia fundi. Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimejaa furaha hata nikashindwa kukaa vizuri.

Kwenye kona ya kwanza Baba alikata kulia, na gari likaitikia. Kwa kawaida baada ya kona dereva hulegeza mikono tu, usukani ukarudi wenyewe. Ule haukurudi. Nilimwona Baba akilegeza mikono na kusubiri, kisha akiukamata na kuuvuta kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imemtoka. Gari liliendelea kukata kulia, likaacha njia, likaruka mtaro na kujibamiza kwenye jabali. Gurudumu moja la mbele lilibaki hewani, linazunguka. Kama si lile jabali tungekuwa juu ya mabati ya watu. Mama alikuwa ametanguliza mkono kunikinga mimi nisigonge mbele, na mkono ule ulivunjika. Sauti aliyotoa sitaiandika.

Jirani mwenye gari alimkimbiza Mama hospitali. Baba alibaki na mimi na Landrova, na kijana mmoja akatumwa Mirongo kumwita Masatu. Alikuja anahema, amevaa shati la kanisani. Watu walikuwa wameshajaa.

"Ulitaka kutuua," Baba akamwambia.

Masatu alipenya katikati ya watu. Aliuliza kwanza hali ya Mama, akapewa jibu, akatikisa kichwa kwa huzuni na kufungua boneti. Alikaa kichwa ndani kwa muda.

"Mzee, hii imekazwa mpaka mwisho."

"Si wewe uliyekaza?"

"Mimi nilikaza nikarudisha robo. Hii haina robo. Sogea uone, naomba. Huwa naweka alama hapa, kutoka kwenye skrubu kuja kwenye nati, ili mkono mwingine ukigusa nijue. Ilikuwa mstari mmoja. Sasa tazama, nusu iko huku, nusu iko kule, na nyingine imebanduka. Gari hili limeguswa baada yangu."

Baba aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu, yeye aliyeweza kuona kijiko kimoja cha sukari kimepungua. Alipoinuka alisema, "Hiyo ni rangi tu."

"Muulize Afande," Masatu akasema, na akanigeukia kwa matumaini kabisa. "Alikuwepo. Usukani alikuwa ameushika yeye. Mwanangu, waambie uliona nini."

Aliniita niwe shahidi wake. Nami nilisema kitu ambacho kilikuwa kweli, kila neno lake.

"Nilimwona akilegeza."

Watu wale hawakujua skrubu wala boksi. Walichosikia ni kwamba fundi amelegeza stelingi ya gari la watu. Mguno ulipita kama upepo, mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu." Masatu akaanza kueleza, "Ndiyo, nililegeza, ndivyo inavyotakiwa, ukiikaza kabisa..." lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Alinitazama. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yangu, nami nikaificha nyuma ya mgongo. Hapo akanyamaza katikati ya neno.

"Mtoto hasemi uongo," Baba alisema, akafunga boneti.

Habari ile ilichukua siku mbili tu kuenea kwa wenye magari wote wa mjini. Mkono uliovunjika unaonekana. Robo ya mzunguko haionekani. Mvua zilipoanza nilipita Mirongo nikakuta kile kibanda kimefungwa kwa mnyororo, na mtu wa jirani akasema Masatu amerudi kwao Nansio. Kichupa cha Mama kilikuwa kwa jirani muda wote ule. Jirani huyo alikiazima kwa ajili ya send-ofu ya binti yake. Nilikitazama kimerudi kabatini, nikaelewa sehemu ya kwanza ya ujinga wangu. Sehemu ya pili niliielewa miaka mingi baadaye, Baba aliponifundisha kuendesha ile ile Landrova. Tulikuwa tumeinama kwenye injini. Akagusa boksi na kusema, kama jambo la kawaida tu, "Hii usikubali fundi aikaze mpaka mwisho. Lazima ibaki na nafasi." Alisema hivyo bila kunitazama. Nilisubiri aongeze neno, hakuongeza, na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo nikaanza kumshuku yeye.

Baada ya matanga kuisha, mimi na Mama tulikuwa tunapanga vitu vyake. Mama alikuwa na turubai la spana mapajani, akizipanga kwa ule mkono wake uliounga vibaya kidogo. Sikuweza kuficha tena.

"Mama, ile Jumapili. Ni mimi niliyekaza."

Hakushtuka. "Alijua," akasema.

"Alijua lini?"

"Nilipotoka hospitali ile jioni, nilimkuta amekaa kitandani, turubai hili liko mapajani hivi. Spana mbili zilikuwa zimebadilishana mifuko. Na asubuhi alikuwa ameona rangi kwenye kucha zako. Nikamwambia, Baba fulani, nenda kwa yule fundi. Akasema atasimamaje mbele za watu aseme binti yake ndiye aliyenivunja mkono. Akasema ataenda wiki inayofuata, watu wakitulia."

"Akaenda?"

"Wiki hiyo haikufika."

Nilimkasirikia Baba nikiwa bado nimevaa nguo za msiba wake. Nilimkasirikia Mama pia. Jumamosi iliyofuata nilipanda meli ya asubuhi kwenda Nansio, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nikimkuta Masatu amekufa nitajisikia vibaya au nitajisikia nafuu. Sikuwa na uhakika, na hilo lenyewe lilinitisha.

Alikuwa hai. Nilielekezwa kwa urahisi. Watu wa pale wanamjua kwa kutengeneza injini za mitumbwi. Nilimkuta uani, amezeeka, amekonda zaidi, ameshika kabureta na mswaki wa meno. Mkewe alikuwa kwenye kigoda akimenya mihogo. Niliwaamkia, wakaitikia vizuri, wakaniletea kiti. Nikajitambulisha kuwa mimi ni binti wa yule bwana mifugo wa Mwanza, mwenye Landrova.

Mswaki ulisimama. Mkewe ndiye aliyesema kwanza.

"Mmetufuata mpaka huku? Si alishawaomba radhi?"

Sikuelewa. "Aliomba radhi kwa nani, Mama?"

"Kwa baba yako, kwani kwa nani mwingine? Alikwenda mpaka kwenu, wiki ile ile. Baba yako akatoka akasimama mlangoni, akampa mkono, akasema yamekwisha. Yakiisha yanaisha. Tulihama hata mji. Sasa mnataka nini tena?"

Kwa hiyo Baba alikuwa amepewa nafasi mlangoni kwake, hakuhitaji hata kuvaa viatu, na akapokea radhi ya mtu aliyejua hana kosa. Mama hakuniambia hilo. Labda hakujua. Mpaka leo sijui kama hakujua.

"Sikuja kudai," nikasema. "Mzee hakukosea. Aliitengeneza sawasawa. Ni mimi niliyekaza ile skrubu, Jumamosi, Baba akiwa amelala. Nilidhani nasaidia. Halafu pale mbele za watu nikasema vile."

Masatu aliweka kabureta chini taratibu. Hakunitazama mimi. Alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Rudia," akaniambia. "Mimi niliiona mikono yako siku ile. Mwambie huyu."

Nikamgeukia Mama yule nikarudia yote tangu mwanzo, kwa kituo, spana, bisibisi, kisigino changu, rangi chini ya kucha, na maneno niliyosema. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo. Nilipomaliza alimwangalia mumewe.

"Mimi ndiye niliyekulazimisha ukaombe radhi," akasema. "Nilikushika mkono mpaka kwenye ule mlango wao."

"Ulinishika."

"Na ukakubali. Baba Grace, kwa nini ulikubali?"

"Ningefanyaje?" akasema yule mzee, kwa ile sauti yake ya chini. "Hata wewe hukuniamini."

Mama Grace aliachia kisu, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Masatu akasogeza kigoda chake karibu na chake, akakaa, wakanipa mgongo wote wawili. Nilikuwa nimetoka Mwanza kuja kuomba msamaha, lakini nilikaa kimya kwenye kile kiti, kwa sababu palikuwa na mtu mwenye kuomba kabla yangu.